Nilipata Umeneja, Nikamfukuza Mtani Wangu

Nina miaka thelathini na minne, sina mume, sina kazi, na naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha marehemu mama yangu, huku juu milimani, wilaya ya Kilosa. Mwaka juzi ungenikuta Mikumi, na ungeniita meneja. Ungeniita hivyo kwa sababu nililazimisha kila mtu aniite hivyo...

Jina langu ni Foibe. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma mapema. Someni kwanza, halafu mtaamua wenyewe kama ninaistahili.

Nilianza kazi nikiwa binti wa kutandika vitanda katika loji moja iliyo nje kidogo ya mji wa Mikumi, wanakofikia wageni wanaokuja kuangalia wanyama mbugani. Nikapanda nikawa mhudumu wa mezani, kisha msimamizi wa wahudumu. Mwenye loji, ambaye sote tulimwita tajiri, aliishi Morogoro na alikuja mara mojamoja. Nilipenda kazi yangu na nilijua kila msumari wa jengo lile.

Jikoni alikuwepo Debora, mpishi mkuu. Debora amenizidi miaka kadhaa, na kwa kawaida ningepaswa kumwamkia shikamoo kila asubuhi. Lakini mimi na yeye hatukuwahi kuamkiana hata siku moja. Sisi ni watani!

Niwaeleze wale ambao kwao hakuna jambo hili. Kwetu sisi Wakaguru utani ni wa ukoo na ukoo. Ukoo wangu na ukoo wa Debora tunazikana tangu enzi za mababu. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaoosha maiti, tunapika, na tunawachekesha wafiwa waliolia mpaka sauti zimekauka. Tukifiwa sisi, wao ndio wanaokuja. Kwa hiyo mtani ana ruhusa ya kukusema mchana kweupe, ana ruhusa ya kuchukua kitu chako bila kuomba, na anaweza kukuita maiti huku unapumua. Na wewe hutakiwi kukasirika. Ukikasirika na ukaonyesha kwamba umekasirika, basi utani umeuvunja wewe.

Debora aliniita Marehemu. Nikiingia asubuhi atapaza sauti kutoka jikoni, "Marehemu, bado unatembea tu? Kaburi linajaa maji huko!" Nami namjibu, "Nakusubiri wewe utangulie, maiti we, ukanipashie moto!" Wageni walikuwa wanashangaa, halafu wakielezwa wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Siku moja alikiona kitenge changu kipya cha bluu kwenye kamba, akakianua, akajifunga mbele yangu na kuondoka nacho. Nilimlaani kwa maneno yote ninayoyajua. Alikivaa miaka yote iliyofuata.

Mara nyingi nilipopata likizo nilikuja naye huku kwa mama. Mama yangu alikuwa ameanza kuugua moyo, miguu inavimba, na kupanda kilima kumemshinda. Debora hakumpa pole hata kidogo! Alikuwa akifika tu anamwambia, "Mama, kufa basi, nimechoka kumsubiri yule jogoo wako nitakayemla msibani." Mama alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa akituambia sote, mbele ya mjomba wangu, kwamba huyu Debora ndiye atakayemwosha. Alisema mtu mwingine asimguse, kwa sababu hataki kuondoka duniani katikati ya watu walionuna.

Lishikeni hilo, ndugu zangu. Hilo ndilo jambo pekee mama aliloniomba maishani.

Basi meneja wetu wa zamani akapata kazi kwingine, na tajiri akaniita Morogoro. Akaniambia kiti ni changu. Nililia kwa furaha ndani ya basi mpaka jirani yangu akanipa leso. Nani alinikumbatia wa kwanza nilipofika? Debora! Alinikumbatia akiwa na unga mikononi, akaniambia sasa nitazikwa kwa heshima, nitapigiwa na bendi.

Tajiri akanipeleka semina ya viongozi wapya. Sitaisema vibaya, mambo mengi yalikuwa mazuri. Lakini mimi nilishika moja tu, lile ambalo kichwa changu kilichovimba kilitaka kulisikia. Mwalimu wa semina alisema kiongozi lazima aweke umbali kati yake na anaowaongoza. Huenda alieleza pia umbali wa namna gani... Mimi sikusikia. Nilikuwa tayari nawaza koti.

Nikanunua koti jeusi na viatu virefu. Nikahamia kula ofisini peke yangu. Nikatangaza kwamba wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo, nikipita wasimame na waniamkie. Hebu fikirini, mlinzi mwenye mvi, ambaye ningeweza kuwa mwanaye wa kuzaa, anasimama na kuniambia shikamoo! Na mimi naitikia marahaba bila kuona haya...

Pembeni yangu alikuwepo Fredi, kijana wa mapokezi. Fredi alikuwa mwepesi wa kuinama. Alikuwa wa kwanza kuniita "mkuu" na wa kwanza kunifungulia mlango. Alinishauri shida ndogondogo zisinifikie, zipite kwake kwanza, ili nipate muda wa kufikiri mambo makubwa. Nikaona, huyu ndiye mtu anayejua uongozi! Nikatangaza na hilo.

Ni Debora tu aliyekataa kubadilika. Angebadilikaje? Alikuwa anapiga teke mlango wa ofisi na kuingia na sahani, anatafuna nyama yangu huku anazungumza. Siku moja akaniambia, "Marehemu, umejifungia humu na wageni wa chumba cha mwisho wanaoga mate." Nilipokwenda kuangalia, kweli pampu ilikuwa imeharibika tangu jana yake. Siku nyingine akasema leo mchele una mawe kiasi kwamba wageni waje na meno ya akiba. Nikakuta kweli msichana mpya hachambui.

Mnaona? Kila lililoharibika nililijua kupitia mdomo wa mtani wangu, na wakati ule sikuliona hilo. Nilichoona ni mwanamke wa jikoni anayenivunjia heshima.

Ikaja siku tajiri alipofika na wageni wake, watu wanaoleta watalii. Niliwakusanya wafanyakazi wote uani. Nimevaa koti langu, jua kali, jasho linanitiririka mgongoni, natoa hotuba niliyoikariri. Nilikuwa nimefika kwenye neno "nidhamu"...

"Yooo! Yooo! Yooo!"

Debora alitoka jikoni na upawa mkononi, kitenge changu cha bluu amejifunga kifuani kama mfiwa, analia kilio cha msibani. "Jamani Marehemu wetu! Kavaa koti la kuzikiwa akiwa bado mzima! Nani amemuuzia? Mvueni, litachakaa kabla ya siku yake!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mlinzi alishika ukuta. Wageni wa tajiri walicheka, na tajiri mwenyewe aliinamisha uso, mabega yakimtikisika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilichotakiwa kufanya ni kumjibu tu! Neno moja lingetosha, ningemwambia nimelinunua ili nikamzike yeye, watu wangecheka zaidi na hotuba ingeendelea. Nilijibu maneno kama hayo miaka yote... Siku ile ulimi ulikuwa umevaa koti.

Fredi alinisogelea na kuninong'oneza, "Mkuu, hili ukiliacha, umekwisha. Mbele ya tajiri?"

Jioni nilimwita Debora ofisini. Sikumkaribisha kiti. Nilimwambia kwamba kuanzia kesho asije kazini, na haki zake atazifuata kwa Fredi.

Debora alinitazama. Kisha akaangua kicheko!

Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Akapiga makofi. Akafungua mlango akawaita wenzake waje waone, "Njooni mumwone Marehemu, leo kanipatia! Kakaza uso kabisa, hata hacheki!" Aliniambia tangu tuanze kutaniana sijawahi kumpiga dongo zuri kama lile. Akaenda zake nyumbani akiwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

Asubuhi nilisimama dirishani. Nilimwona anakuja na sare yake iliyopigwa pasi, anaimba. Mlinzi akamzuia getini kama nilivyomwamuru. Debora akacheka, akajaribu kumpita. Mlinzi akatikisa kichwa. Akasema naye kwa muda, akiangalia chini muda wote. Nikaona kicheko cha Debora kinapungua... kinapungua... kikakatika. Akainua macho mpaka dirishani kwangu. Mimi nikafunga pazia.

Nilifunga pazia, wasomaji! Kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia.

Siku chache baadaye mlinzi aliniletea mfuko. Ndani yake kilikuwemo kitenge cha bluu, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Niliporudi nyumbani kwa mama nikamsimulia kwa dharau kwamba yule mwanamke hatimaye amejifunza adabu, amerudisha mali ya watu. Mama alikuwa amelala. Alijiinua kwa kiwiko, akauliza kwa sauti ndogo, "Amerudisha?"

"Ndiyo, mama."

"Mtani amerudisha kitu?" Machozi yakaanza kumtoka. "Foibe mwanangu, umefanya nini? Sasa mimi ataniosha nani?"

Nilimwambia asiwaze habari za kufa. Nikamwambia mambo ya utani ni ya kizamani, kazi ni kazi. Alinigeuzia mgongo akautazama ukuta. Akanisihi niende kwa Debora nikaombe msamaha kabla yeye mama hajafa. Nikasema nitakwenda. Nilisema hivyo ili anyamaze...

Niliporudi Mikumi nilikuta loji imetulia sana. Hakuna kelele jikoni, hakuna vicheko. Nikipita, watu wanasimama kama askari. "Shikamoo meneja." "Ndiyo meneja." "Hakuna shida, meneja." Nilidhani huo ndio uongozi wenyewe! Nilijipongeza. Kumbe watu walikuwa wameniweka ndani ya chupa na kufunga kizibo.

Friza ya nyama ilikuwa inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Jikoni kote walijua. Mpishi mpya alijua. Hata mlinzi alijua. Walimwambia Fredi, kama nilivyoagiza, na Fredi akawaambia meneja ana taarifa. Mimi sikuwa na taarifa yoyote! Hakuna aliyethubutu kugonga mlango wangu. Yule ambaye angeupiga teke na kuniambia, "Marehemu, nyama yako imeoza kabla yako," nilikuwa nimemfungia geti.

Likaja kundi la walimu waliotoka kutembelea mbuga. Walikula chakula cha jioni wakasifu. Kabla ya mapambazuko karibu nusu yao walikuwa wanatapika. Nilikimbia huku na huko na viatu vyangu virefu, nikaanguka kwenye ngazi, nikaviacha palepale nikaendelea peku. Tuliwapakia kwenye magari kuwapeleka kutibiwa. Mungu alisaidia hakuna aliyekufa. Lakini nilishika mkono wa mama mmoja mtu mzima, uso umemsawajika kwa maumivu, na akaniuliza, "Mwanangu, mlitupa nini?" Swali hilo nalisikia mpaka leo.

Tajiri alifika siku hiyo hiyo. Fredi alisimama mbele yake, kichwa ameinamisha kwa ule unyenyekevu wake, akasema habari za friza alinieleza mara nyingi na mimi nikapuuza. Nilipiga kelele. Nikaapa. Nikawageukia wafanyakazi, nikawaomba waseme kweli. Wote walitazama chini. Hata mlinzi... Mwishowe alisema taratibu, "Meneja, ulisema shida zipite kwa Fredi. Zilipita."

Tajiri aliniuliza jambo moja tu kabla ya kunifukuza. Yule mama wa jikoni mcheshi, ambaye wageni wake walimpenda sana siku ile, yuko wapi? Nilitoka pale na begi na kitenge cha bluu. Fredi sasa ndiye meneja. Nasikia na yeye amenunua koti.

Nilirudi kwa mama nikiwa sina mbele wala nyuma. Hali yake ilikuwa mbaya, alilala kwa kuegemezwa mito ili apate pumzi. Hakuniuliza habari za kazi. Kila nilipomlisha uji aliniuliza, "Umeshakwenda?" Hakutaja jina la mtu, na hakuwa na haja ya kulitaja.

Basi nikaenda. Nilikuwa nimesikia Debora anapikia wakata miwa huko Ruaha, ng'ambo ya Mikumi. Nilikiona kibanda chake kutoka barabarani. Nilimsikia kabla sijamwona! Alikuwa anamsimanga kijana mmoja aliyejaa masizi ya miwa, anamwambia oga kwanza usije ukanigeuzia maharage kuwa lami, na watu wote wanacheka. Ni sauti ile ile iliyokuwa inaniamsha mimi.

Nilisimama palepale barabarani. Nilijiona nilivyo, bila koti, bila kazi, naingia mbele ya wale vijana kumpigia magoti. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo, nikiwa nimejipanga. Nikageuza. Nilimwambia mama sikumkuta.

Ndiyo, nilimdanganya mama yangu anayekufa...

Wiki hiyo haikwisha. Alfajiri moja nilimpelekea maji ya kunawa na mkono wake ulikuwa baridi.

Mjomba alifika, watu wakajaa, vilio vikaanza. Mjomba akaangaza macho uani, akauliza kwa sauti mbele ya kila mtu, "Watani wako wapi?" Hata mtu mmoja wa ukoo wa Debora hakuwa amekuja, na mimi peke yangu nilijua kwa nini. Hakukuwa na mtu wa kuwasha moto jikoni, wala wa kukalia kiti cha marehemu na kuiga sauti yake ili watu wapumue kidogo. Tulikaa tumenuna, kama vile mama alivyoogopa. Mama mdogo alisimama akasema basi, acha yeye amwoshe. Nilipiga kelele nikajitupa mlangoni. Nilisema mama asiguswe! Walidhani uchungu umenipanda kichwani.

Mjomba akanivuta pembeni. Nikamweleza yote. Hakunifokea. Alitoa simu yake akaenda nyuma ya nyumba, na niliona anaongea akiwa amevua kofia.

Mchana, pikipiki ilipanda kilima. Debora alishuka. Hakuangalia kulia wala kushoto, alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama na kufunga mlango.

Nilikaa chini nje ya mlango ule, nimeegemea ukuta. Nikasikia maji yanamiminwa. Kisha nikasikia sauti yake.

"Wewe mama wewe! Umekufa bila kunipa taarifa? Jogoo umemficha wapi? Nimemwona pale nje amenona, na leo ananiingia tumboni, usije ukamlilia huko uendako. Inua mkono basi, mvivu mkubwa we..." Alikuwa anacheka. Halafu kicheko kikawa kilio, halafu kikarudi kuwa kicheko. Wanawake uani walimsikia, wakaanza kutabasamu huku machozi yanawatoka. Msiba wa mama yangu ukapumua. Nilisema moyoni, mama, umepata ulichoomba. Asante Mungu, mama amepata!

Na mimi, mjinga, nikaanza kutumaini. Nikajiandaa. Akitoka ataniita Marehemu, nami nitamjibu maiti we, na yote yatakwisha. Nilikuwa nimekiweka kitenge cha bluu mapajani ili akichukue.

Mlango ukafunguliwa. Debora alitoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, macho mekundu. Akaniona. Akasimama. Akashusha mikono ya gauni lake vizuri, akakunja goti kidogo, yeye mkubwa kwangu, mbele ya ukoo wangu wote.

"Shikamoo, meneja," akasema. "Pole sana na msiba."

Nilimnyooshea kitenge. Alikitazama, akasema kwa upole, "Hapana, meneja. Ni chako." Akanipita, akaenda jikoni kuwasha moto.

Alipika siku zote za msiba. Alimtania mjomba, alimtania mchungaji, alizuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, kama watani wanavyofanya, na watu wakacheka. Mimi kila aliponiletea chakula alinitengea sahani yangu peke yangu, mbali na wenzangu, na akanikaribisha kwa heshima. Hakuchukua hata kipande kimoja cha nyama kwenye sahani hiyo.

Ndugu msomaji, labda wiki hii umepewa cheo. Labda umeshaanza kuangalia bei za makoti. Nakuomba kwa machozi, mwangalie yule anayekucheka usoni, yule anayeingia bila kubisha na kukuambia pampu imeharibika. Usimfungie geti! Wanaoinama watainama kwa meneja mwingine kesho. Ukitaka kuheshimiwa utaheshimiwa, sikatai. Mimi niliipata heshima yangu yote.

Kitenge nimekianika nje, kwenye kamba ya mama, mahali ambapo mtu yeyote akipanda kilima atakiona. Kila jioni nakianua mwenyewe.